Barafu ya Riziki

Betri yangu ilikuwa ya gari la shamba.
Fundi Shaame wa Bopwe aliniambia kweli tupu:
"Hii haiwashi tena injini, hata uibembeleze,
lakini nguvu ya kunong'ona inayo."
Nilimlipa nusu. Nusu ikangoja karafuu zikauke.

Raya aliifukuza chumbani siku ya kwanza,
ati inanuka yai viza.
Basi inakaa ukumbini chini ya dirisha, juu ya kipande cha mvule,
na kila Ijumaa kabla sijaoga naihudumia kama mgonjwa:
naiongezea maji, napangusa unga wa kijani vichwani
kwa magadi na mswaki uliokwisha meno,
naipima. Kumi na mbili na nukta sita.
Raya hupita akisema,
"Mimi presha yangu hujanipima hata siku moja."

Sasa nikiri jambo.
Umeme ukiwepo, redio yangu ni kiziwi.
Televisheni ya kina Mbarouk inakwaruza,
taa za bei rahisi dukani kwa Massoud zinalia,
chaja za simu, kila moja na mbu wake,
na zaidi ya vyote friza la Riziki, ukuta wa pili:
linaguruma dakika kumi, linapumzika tano,
linaguruma,
na waya wangu niliouvuta mnazi kwa mnazi
unaniletea friza, friza, friza,
dunia nzima imejaa friza la Riziki.

Sijawahi kumwambia.
Friza lile linasomesha watoto wanne.
Barafu za ubuyu, za ukwaju, za maziwa na hiliki,
mia mia mlangoni, skuli zikitoka.

Jana, isha imeshaswaliwa, pakafanya *tap*.
Mtaa mzima wa Jadida ukasema kwa sauti moja, "Aaa!"
Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema alhamdulillahi.

Kelele ikakunjwa kama jamvi.
Chini yake vitu vilikuwepo muda wote:
radi ya mbali, ya Msumbiji pengine,
kisha nukta, kistari, nukta, nyembamba,
uzi unaotafuta tundu la sindano.
Nikapunguza hadi wati tano. Betri nzee haikimbizwi.
Nikagonga.

Isao, wa Hokkaido. Kwake saa tisa kasoro ya usiku.
Theluji imeangusha nguzo, siku ya pili sasa;
naye yuko kwenye betri, ameivika blanketi.
Nikamjibu: na mimi betri.
Tukakaa hivyo kidogo, wazee wawili gizani,
kila mmoja anaitazama sindano yake ikiteremka.

Mlango ukabishwa. Riziki,
tochi ya simu kidevuni, beseni mkononi.
"Zinayeyuka, kaka. Na wewe una umeme, mwanga nauona.
Hunivutii waya, hata saa mbili?"

Nilimwonyesha sindano.
Nikamwambia mota ya friza lake ingeimeza betri hii tonge moja,
na maji ya kijiko yasigande.
"Yaani yote hii," akasema, "ya kuzungumza tu?"
Ya kuzungumza tu.

Nilinunua beseni zima, kwa ile nusu ya Shaame.
Raya hakusema neno; alichukua mbili za ukwaju.
Watoto wakaitwa barazani
wakala, wakichuruzika viwikoni.

Nikarudi. Kumi na moja na nukta tisa.
Isao bado yupo, anafifia:
HALI YA HEWA HUKO?
Vidole vinanata, kibonyezo kimekuwa chekundu cha ubuyu.
Nikagonga: JOTO. NAKULA BARAFU.
Kimya kirefu. Nikadhani betri yake.
Kisha ikaja, herufi kwa herufi:
YANGU IMEFIKA DIRISHANI. HI HI.
Ndivyo wanavyocheka watu wa nukta.

Saa nne na robo umeme ukarudi.
"Aaa!" ile ile, imegeuzwa upande.
Friza likaguruma, Isao akazama ndani yake
katikati ya neno.
Ukuta wa pili nikamsikia Riziki: alhamdulillahi.

Safari hii mimi sikusema kitu.
Nikachomeka chaja.